Umeshusha gari: alaimenti uirekebishe kwa njia ipi kati ya hizi nne?

Piga magoti kando ya gurudumu la mbele, pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama. Kipeleke ndani, kisha kirudishe nje. Kama mwelekeo mmoja ni laini na mwingine unakwaruza mithili ya meno ya msumeno, magurudumu yako hayajakaa sawa, hata kama usukani umenyooka na gari halivuti upande.

Mimi niliyakuta meno hayo kwenye Impreza yangu miezi minne baada ya kuifunga springi fupi zilizoishusha milimita 35. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshabadilisha beringi ya mbele kushoto, kwa sababu ya mvumo uliokuwa unaanza nikifika kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Morogoro. Beringi ya zamani ilitoka ikiwa nzima kabisa. Kilichokuwa kinavuma ni tairi lililoliwa mshazari, na ukingo wake wa ndani ulikuwa umeshafika kwenye nyuzi. Tairi la namna hiyo likipasuka ukiwa kwenye mwendo, hupati muda wa kufanya lolote. Ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Wengi wanajua kwamba ukishusha gari lazima ulipeleke kwenye alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu. Wanapokwama ni pale mashine inapotoa karatasi yenye namba nyekundu, na fundi anasema, "Bosi, hii kemba hairekebishiki, tafuta vifaa." Vifaa vipi sasa? Sokoni kuna bolti, kuna sahani za juu ya shokapu, kuna mikono ya kurekebishika, na kila muuzaji anasifia cha kwake.

Kinachosogea gari likishuka

Gurudumu halipandi wala kushuka kwa mstari ulionyooka. Limeshikwa na mikono, yaani wishiboni, na kila mkono unazunguka kwenye bushi zake, kwa hiyo gurudumu linachora tao. Ukifupisha springi, gari linakaa kwenye sehemu nyingine ya tao hilo, na vipimo vitatu vinasogea kwa pamoja.

Kemba ni mwinamo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Kwenye magari ambayo shokapu ya mbele imefungwa moja kwa moja kwenye nako (chuma kinachobeba habu), kushusha milimita 30 hadi 40 kwa kawaida huongeza kemba hasi kwa nusu digrii hadi digrii moja hivi: juu ya gurudumu kunaingia ndani, chini kunatoka nje. Tou ni jinsi magurudumu ya ekseli moja yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu, kwamba yamefumba kwa mbele au yamefunguka. Kasta, ambayo ni mlalo wa shokapu kuelekea nyuma, hubadilika kidogo tu, na sitakaa nayo sana.

Kemba inaonekana kwa macho, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa. Lakini anayekula tairi kwa haraka ni tou. Chukua gurudumu lililopinda nusu digrii tu kutoka kwenye mwelekeo wa safari. Kila kilomita moja linaburuzwa kwa ubavu karibu mita 8.7. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, maana yake ukifika Msamvu tairi hilo limeburuzwa ubavu zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya lami, na bado hujarudi. Kemba hasi ikiwa kubwa, uzito wote unaegemea ukingo wa ndani, na ukingo huohuo ndio tou inaousugua. Vikikutana viwili hivyo, tairi linakatwa kama limepigwa tupa.

Kemba peke yake, ikiwa tou iko sawa, ni mlaji wa polepole. Hata digrii 2 hasi unaweza kuishi nazo ukiwa unayahamisha matairi nafasi mapema, au kuyavua na kuyageuza kwenye rimu kama si ya mwelekeo mmoja.

Kabla ya kutoa hela

Vipimo vichukuliwe kwanza, na vichukuliwe kwa haki. Springi mpya hujikalia katika kilomita mia chache za mwanzo, kwa hiyo alaimenti ya siku ileile ni ya kukusogeza tu, ya kweli inafuata baadaye. Bushi za mikono zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, raba inabaki imejisokota muda wote na itachanika mapema. Bolijointi na tairodi endi (viungo vya mikono na vya fimbo za usukani) zenye mchezo zibadilishwe kabla, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kuseti kitu kinachocheza. Upepo wa matairi uwe sawa. Nyuma ipimwe na kurekebishwa kabla ya mbele. Kisha dai karatasi yenye safu mbili, kabla na baada, na uitunze.

Na tafadhali usimdharau fundi anayepima kwa uzi na futi. Akiwa makini, akafunga uzi pande zote mbili sambamba na gari, tou anaiseti vizuri kabisa. Kwa kemba atahitaji kipimo cha pembe.

Njia zote nne nitazitazama kwa maswali yaleyale: inarekebisha nini na kwa kiasi gani, inaingia kwenye gari gani, gharama na kazi yake zikoje, na inavumilia vipi barabara zetu zenye matuta na mashimo. Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kuseti tou tu, kemba ukaiacha

*Inarekebisha nini.* Tou ya mbele, kwa kuzungusha tairodi. Ya nyuma pia, kama gari lina bolti ya kurekebishia kutoka kiwandani. Kemba inabaki pale springi zilipoiacha.

*Gari gani.* Mbele, gari lolote. Nyuma inategemea. Vitz, Passo na Fit zisizo za magurudumu manne zina boriti moja nyuma, na boriti haina pa kuzungusha. Bahati nzuri, kushusha gari hakuigusi sana kemba wala tou ya boriti. Ikisoma vibaya, uliza kama imewahi kugonga shimo ikapinda. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kuweka vipande vyembamba vyenye mshazari kati ya habu na boriti.

*Gharama na kazi.* Bei ya alaimenti ya kawaida. Kinachochelewesha ni tairodi iliyoshika kutu.

*Barabarani.* Hapa njia hii ina nguvu kuliko zote, kwa kuwa hujaongeza kitu chochote kipya cha kulegea, kugonga wala kukatika.

*Inamfaa nani.* Aliyeshusha kidogo, kemba ikasoma hasi isiyozidi digrii 1.5 au 2, na kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu digrii. Gari langu lilisoma hasi 1.4 kushoto na 1.6 kulia, lakini magurudumu ya mbele yalikuwa yamefunguka jumla ya milimita 5. Mzee aliyenipimia pale Ilala alinionesha namba hiyo kwa ncha ya bisibisi akasema, "Mwanangu, kemba haina kosa. Hii hapa ndiyo imekula tairi lako." Tulifunga tou, na seti ya matairi iliyofuata ikaanza kulika sawasawa.

Njia ya pili: bolti za kemba

*Inarekebisha nini.* Hii ni bolti yenye tumbo upande mmoja. Inakaa mahali pa mojawapo ya bolti mbili zinazoshika shokapu na nako. Ukiizungusha, tumbo linaisukuma nako, na gurudumu linasimama au linalala. Nyingi zinatoa hadi kama digrii 1.5, kutegemea aina, na hiyo inatosha kufuta athari ya springi fupi za kawaida.

*Gari gani.* Lenye shokapu iliyofungwa kwenye nako kwa bolti mbili, na hayo ni mengi sana huku kwetu. Altezza ina wishiboni mbili mbele na nyuma, na Mark X ina wishiboni mbili mbele, kwa hiyo muuzaji akikuambia bolti hizi zitaingia, ondoka. Mwenye Impreza naye aangalie kwanza alichonacho: nyingi zinatoka kiwandani na bolti ya juu yenye tumbo na alama kichwani. Nimeona watu wakinunua ya pili huku ya kwanza haijawahi kuguswa tangu gari litoke Japani.

*Gharama na kazi.* Kwa kawaida jozi haifiki bei ya tairi moja jipya la maana. Fundi mzoefu hahitaji nusu siku. Ila alaimenti lazima irudiwe, kwa sababu kila kemba inaposogezwa, tou inahama nayo. Kemba kwanza, tou baadaye, siku zote.

*Barabarani.* Hapa ndipo pa kuwa macho. Ili tumbo liweze kuzunguka ndani ya tundu, mwili wa bolti umefanywa mwembamba kuliko ule wa asili. Kinachoizuia kuteleza ni ule ubanaji wa nati, basi. Inahitaji spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kukaza kwa bomba refu hadi fundi agune. Ukiparamia shimo kwa nguvu, inaweza kuteleza na kemba ikahama bila wewe kujua. Dawa yake ni rahisi: baada ya kuseti, piga mstari wa rangi nyeupe kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye shokapu. Kila ukivua gurudumu, tazama kama mstari umekatika. Na kichwani iwepo namba ya ugumu, mfano 10.9. Shaurimoyo utaletewa bolti zisizo na alama yoyote, zinang'aa vizuri, bei nusu. Hiyo ni bolti inayoshika gurudumu lako, usiibahatishe.

Jambo la mwisho: ukipunguza kemba hasi, juu ya tairi kunatoka nje. Kwenye gari lililokaa chini na rimu pana, huko nje kuna madigadi. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa na abiria nyuma, kabla hujaridhika.

*Inamfaa nani.* Mtu wa gari la kila siku ambaye kemba yake imezidi, au pande mbili zinapishana, na ana fundi anayetumia torki.

Njia ya tatu: mauntini za juu zenye sahani ya kutelezesha

*Inarekebisha nini.* Badala ya mauntini ya raba juu ya shokapu, unaweka sahani yenye mifereji. Kichwa cha shokapu kinasogezwa ndani au nje, na kemba inafuata. Baadhi husogeza mbele na nyuma pia, kwa hiyo kasta nayo inapata marekebisho, jambo ambalo njia nyingine za hapa hazikupi kirahisi. Kikomo ni ukubwa wa tundu kwenye mnara wa shokapu. Gurudumu na shokapu hazibadilishi umbali kati yao, jambo jema kwa mwenye rimu pana.

*Gari gani.* Lenye shokapu za namna ileile ya njia ya pili. Lakini uliza kuhusu springi: sahani nyingi zimeundwa kwa koilova (shokapu na springi za seti moja, zinazopandishwa na kushushwa) zenye springi nyembamba. Kama unatumia shokapu za kawaida na springi nene ya asili, unahitaji sahani yenye kiti chake, vinginevyo havikutani.

*Gharama na kazi.* Ghali kuliko bolti kwa mbali, na shokapu lazima ishuke yote. Ukiwa unafunga koilova, huenda sahani zimo tayari ndani ya boksi.

*Barabarani.* Raba ya asili ilikuwa inameza kelele. Sahani nyingi zina beringi ya chuma ya mviringo, na chuma hakimezi kitu. Utasikia kila kokoto. Vumbi na maji ya mvua vinaingia kwenye beringi hiyo, na ikianza kuchoka inagonga kila ukipita tuta. Zipo zenye raba pia, tulivu zaidi, nazo zinasogea kidogo.

*Inamfaa nani.* Mtu anayependa kubadilisha vipimo mara kwa mara, pengine analipeleka gari kwenye mashindano ya mwisho wa wiki, akitaka kemba nyingi siku hiyo na kidogo Jumatatu. Sahani hizi zina mistari ya vipimo, unarudi ulipotoka, ingawa tou bado inabidi iangaliwe.

Njia ya nne: mikono ya kurekebishika

*Inarekebisha nini.* Mkono wa asili una urefu mmoja. Huu una nyuzi katikati, unaurefusha au kuufupisha, kwa hiyo kemba, au tou, inasetiwa kwa nafasi kubwa kuliko bolti.

*Gari gani.* Hapa ndipo magari yenye wishiboni mbili au mikono mingi yanapopata dawa: Altezza, Mark X, na nyuma ya Impreza za kuanzia kizazi cha 2007. Nyuma ndiko watu wengi wanakokwama, maana kiwanda mara nyingi kimeacha marekebisho ya tou peke yake. Golf 5 ni tofauti. Nyuma ina bolti zenye tumbo za kemba na tou pia, kwa hiyo kabla ya kununua mikono hakikisha bolti hizo hazijakamatwa na kutu tu.

*Gharama na kazi.* Ni ya juu, na inapanda kwa idadi ya mikono. Kazi si ngumu kwa fundi, ila bolti za zamani zikigoma, siku nzima inaisha hapo. Ukisogeza kemba ya nyuma, tou ya nyuma inahama, na tou ya nyuma iliyofunguka inafanya mkia uwe mwepesi kwenye kona ya mvua. Usitoke gereji bila kuisoma.

*Barabarani.* Yenye bushi za raba inakaa karibu na ya asili. Yenye vichwa vya chuma vya mviringo inaleta kelele na inakwisha mapema kwenye vumbi. Nati za kufungia nyuzi zikaguliwe baada ya kilomita mia kadhaa. Mikono iliyochomelewa mtaani siwezi kumshauri mtu yeyote ninayemjali. Mkono wa nyuma ukikatika kwenye kilomita 100 kwa saa, gurudumu linajigeuzia linakotaka.

*Inamfaa nani.* Aliyeshusha sana, au mwenye gari ambalo bolti haziwezi kumsaidia, na nyuma yake inasoma kemba hasi ya digrii 2.5 au 3 akiwa anatembelea barabara kuu kila wiki.

Ambacho hakuna hata moja kati ya hizi inakigusa

Gari likishuka, tairodi na wishiboni zinalala kwa pembe zisizolingana tena. Ukipita kwenye mawimbi ya lami utasikia usukani unachezacheza wenyewe, kwa sababu tou inabadilika gurudumu linapopanda na kushuka. Mashine inapima gari likiwa limetulia, kwa hiyo karatasi itasoma kijani na usukani utaendelea kucheza. Dawa yake ni bolijointi zenye shingo ndefu, au kulipandisha gari. Mwenye koilova akipandisha milimita 10 au 15 anapunguza tatizo hili, anarudisha sehemu ya kemba, na shokapu inapata tena nafasi ya kufanya kazi kwenye matuta. Atalipia alaimenti tu.

Kulingana na hali yako

Kama umefunga springi fupi tu, gari ni la kwenda kazini na kurudi, na karatasi inasoma kemba hasi chini ya digrii 2, seti tou, rudi kupima baada ya kilomita 1,000 hivi, na hamisha matairi nafasi mapema. Hela ya vifaa iache ikae.

Kama kushoto na kulia kemba zinapishana zaidi ya nusu digrii kwenye gari lenye bolti mbili kwenye nako, tafuta kwanza sababu: shokapu iliyopinda, wishiboni, bushi. Ukiona vyote ni vizima, bolti za kemba zinatosha. Tafuta zenye karatasi ya mtengenezaji na alama ya ugumu, uwe Ilala au Kirinyaga Road kule Nairobi.

Kama unalishindanisha gari, au umeshanunua koilova zenye sahani, tumia sahani hizo na ukubali kelele. Mama mzazi akipanda nyuma, atalalamika.

Kama una Mark X au Altezza iliyokaa chini sana na matairi ya nyuma yanaisha ndani, piga hesabu ya seti mbili za matairi dhidi ya mikono mizuri. Na pima kwanza ingekuwaje ukiipandisha milimita 15.

Na kama umelinunua gari likiwa limeshashushwa na mtu mwingine, alaimenti isubiri. Egesha kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi kwa pembe zote nne. Ekseli moja ikipishana zaidi ya milimita 10, angalia springi kama haijakaa vibaya kwenye kiti chake au haijakatwa kwa gesi. Springi iliyokatwa itupwe. Funga jozi inayoeleweka, kisha ndipo uende kwenye mashine.